Jinsi ya Kumfundisha Mwanafunzi Upishi Akiwa Kwao na Mwalimu Akiwa Mbali

Tarehe 15 Machi 2020, siku mbili baada ya Kenya kutangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona, amri ilitoka kwamba shule zote zifungwe. Wanafunzi wa Gredi ya 4 wa mwaka huo walikuwa ndio wa kwanza kufika gredi hiyo chini ya Mtaala wa Umilisi, na somo la sayansi kimu, yaani somo la upishi na utunzaji wa nyumba, lilikuwa geni kwao, kwani walikuwa wamelisoma kwa wiki chache tu. Wao, pamoja na Darasa la 8 na Kidato cha 4, walirudi madarasani tarehe 12 Oktoba. Wengi waliobaki walingoja hadi tarehe 4 Januari 2021. Katika miezi hiyo masomo yalipitia redio ya KBC, runinga ya KICD, taasisi ya kukuza mitaala, na katika shule nyingi yalipitia simu za wazazi. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipochelewesha kufunguliwa kwa muhula wa pili, tulijikuta tena tunafundisha kwa simu, na safari hiyo angalau tulikuwa na la kuanzia.

Mimi hufundisha sayansi kimu hapa Pwani, na mwongozo huu nimewaandikia walimu wenzangu, ingawa mzazi au mwanafunzi wa kidato anayetaka kujifunza mwenyewe ataweza kuutumia. Jambo moja ndilo lililonibadilisha namna ya kufundisha: mwalimu aliye mbali hana pua, hana ulimi wala mkono katika jiko la mwanafunzi wake. Hawezi kunusa kitunguu kinachoungua, wala kuonja chumvi, wala kumshika mtoto kiganja kisu kinapoteleza. Kwa hiyo somo lisijengwe juu ya macho ya mwalimu kwenye kioo cha simu. Lijengwe juu ya hisi za mwanafunzi mwenyewe, ambazo ni lazima zifundishwe kwa makusudi, na juu ya mtu mzima aliye naye nyumbani. Yote yanayofuata yanatokana na hilo.

Zijue meko kabla ya kutuma somo

Kabla ya somo la kwanza mpigie mzazi simu, au umwandikie ujumbe mfupi, na umwulize mambo matano: nyumba inapikia nini, kuni, makaa, mafuta ya taa, gesi au umeme, ni mtu mzima gani huwa nyumbani saa za kupika, simu huwapo nyumbani saa ngapi, maji yanapatikana vipi, na wiki hii nyumba inatarajia kula nini. Andika majibu katika daftari lako, jina kwa jina. Kazi hii huchukua siku mbili au tatu kwa darasa la wanafunzi 40, na hakuna njia ya kuikwepa.

Swali la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote. Mwaka ule wa 2020 shule moja ninayoijua iliwaagiza watoto wa Gredi ya 4 waoke keki na kutuma picha kabla ya Ijumaa. Keki yenyewe ilitaka mayai manne, siagi, sukari na tanuri, nao wazazi wengi wa mtaa ule walikuwa vibarua waliosimamishwa kazi. Mama mmoja aliniambia kwamba alinunua mayai kwa pesa za unga, kwa sababu hakutaka mwanawe awe peke yake asiye na picha. Maneno yale yaliniuma sana, na tangu siku hiyo nimeshika kanuni kwamba somo ndilo litakalofuata chungu cha nyumba, chungu kisilazimishwe kufuata somo. Ikiwa umilisi wa wiki ni kuchemsha, basi anayepika muhogo atapwaza muhogo, anayepika mahindi na maharagwe atachemsha hayo, na mwenye mayai atachemsha mayai. Wote watakuwa wamejifunza jambo lile lile, yaani kutambua maji yanapoanza kuchemka kwa kweli, kupunguza moto, na kujua chakula kimeiva bila kukibomoa.

Vilevile usimwashie mzazi moto wa pili. Makaa yanagharimu pesa na gesi inagharimu zaidi. Somo liwe ni sehemu ya mlo wa nyumba, kwa moto ule ule na kwa saa ile ile ambayo nyumba hupika, hata kama wanafunzi wako watapika kwa saa tofauti. Mwaka 2020 Ramadhani iliingia mwishoni mwa Aprili, shule zikiwa zimefungwa, na wanafunzi wangu wengi walikuwa wamefunga. Tuliweka mapishi baada ya alasiri pamoja na matayarisho ya futari, na sehemu ya kuonja tukaisogeza baada ya magharibi. Mwalimu anayeshikilia ratiba ya saa nne asubuhi kwa kila mtoto atapata picha nzuri kutoka nyumba chache na kimya kutoka zilizobaki.

Somo lisikilizwe leo, lipikwe kesho

Simu ni ya mzazi, na asubuhi huondoka naye. Hata inapobaki, mtoto mwenye mikono yenye unga na maji hawezi kuishika, na akiishika karibu na jiko amejigawa macho mahali ambapo hastahili kugawa macho. Ndiyo sababu ninatuma somo jioni ya kuamkia siku ya kupika, mwanafunzi analisikiliza mara mbili, anaandika hatua kwa mkono wake katika daftari la jiko, na siku ya pili anapika kwa kufuata daftari. Simu inakaa chumbani.

Utaratibu huu una faida kubwa kuliko usalama wa simu. Mtahiniwa wa sayansi kimu wa Kidato cha 4 katika mtihani wa KCSE hupewa dakika 30 za kupanga, ambapo anaandika vyakula anavyohitaji, vyombo, na mfuatano wa kazi, ndipo aingie jikoni kwa saa moja na robo. Wengi hushindwa katika mpango, hawashindwi katika kupika, kwa kuwa shuleni walizoea kufanya kile ambacho mwenzao wa meza ya pili anafanya. Mtoto anayepika peke yake kwao hana wa kumtazama, kwa hiyo huanza mapema kuuliza swali gumu la upishi, nalo ni lipi litangulie. Maharagwe yalowekwe tangu usiku. Maji yatelekwe kabla ya kuanza kukata mboga. Chumvi na mwiko viwe karibu kabla kitunguu hakijaingia kwenye mafuta, maana kitunguu hakimngojei mtu aende kutafuta mwiko.

Kuhusu namna ya kutuma, mimi hupendelea ujumbe wa sauti kuliko video, kwa sababu video inamaliza bando la mzazi na mara nyingi humwonyesha mtoto mikono ya mwalimu katika jiko lisilofanana na lao. Sauti humlazimu kutazama jiko lake mwenyewe. Gawa somo katika vipande visivyozidi dakika mbili, kila kipande kikiwa na kazi moja na alama moja ya kutambua kwamba kazi imekamilika. Alama hiyo iwe ya kuonekana, kusikika, kunuswa au kuguswa, isiwe ya saa peke yake, kwa sababu moto wa makaa mapya na moto wa makaa yanayokufa haviivishi kwa dakika sawa. Kipande cha kukaanga kitunguu ninakisema hivi:

“Hamjambo wanafunzi wangu. Mafuta yakipata moto, tia kipande kimoja tu cha kitunguu na usikilize. Kikilia polepole, mafuta yako tayari, tia vilivyobaki. Kisipolia, ngoja. Kikilia kwa ukali na kuanza kuwa cheusi, epua sufuria, usubiri ipoe kidogo. Koroga bila kuacha. Kitunguu kitapoteza weupe wake na kuwa kama kioo, kisha kingo zake zitaanza kuwa za rangi ya dhahabu na harufu itageuka kutoka ya ukali na kuwa ya utamu. Harufu hiyo ndiyo ruhusa yako ya kutia nyanya. Andika katika daftari lako ulisikia nini na ulinusa nini.”

Mwanafunzi asiye na simu kabisa hataachwa. Hatua zile zile ziandikwe kwa mkono, zitolewe nakala, na mzazi azichukue shuleni au kwa mwanafunzi mwenziwe wa jirani, kisha daftari lirudishwe kwa njia hiyo hiyo.

“Nipo”

Hakuna somo langu la moto linaloanza kabla mtu mzima wa nyumba hiyo hajanijibu kwa neno moja: “Nipo.” Anaweza kuwa mama, baba, nyanya, shangazi au kaka mkubwa aliyekwisha kukomaa. Asipojibu, mwanafunzi atafanya sehemu isiyo na moto, kama kuchagua mchele, kuosha mboga au kupanga vyombo, na moto utasubiri siku nyingine. Nimewahi kulaumiwa kwamba ninachelewesha darasa kwa kanuni hii. Naikubali lawama hiyo, kwa kuwa mtoto aliyeungua kwa somo langu nitamjibia mimi.

Mtu mzima naye huhitaji maelekezo, tena ya adabu, kwa sababu aghalabu anapika vizuri kuliko mwalimu. Tatizo la kawaida ni kwamba mzazi anaona mtoto anachelewa, anaona nyanya zinapotea kwenye maganda, anauchukua mwiko na kumalizia mwenyewe. Ujumbe wangu kwake ni huu: “Shikamoo mzazi. Leo mwanao anapika mboga. Naomba ukae karibu naye, umwache afanye kwa mikono yake hata akichelewa. Ukiona hatari, mzuie mara moja. Ukiona kosa lisilo na hatari, mwulize ameona nini kabla hujamwambia. Na kama nyumbani kwenu mnapika kwa njia tofauti na niliyoisema, mwonyeshe njia yenu, naye ataniandikia.” Sentensi ya mwisho si ya kumridhisha mzazi. Imeniletea daftarini njia za kupika mchunga, ile mboga ya majani, usiwe mchungu ambazo sikufundishwa chuoni.

Yako mambo ya usalama ambayo mwanafunzi ayaandike katika ukurasa wa kwanza wa daftari, na ayaseme kwa mdomo kabla ya kuruhusiwa kukaribia jiko. Jiko la makaa halitumiki katika chumba kilichofungwa, wala haliingizwi ndani kwa sababu ya mvua, kwa kuwa hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa haina rangi wala harufu na imekwisha kuua watu waliolala. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inapovuja hutuama chini, karibu na sakafu. Ukiinusa usiwashe kiberiti wala usiguse swichi ya taa, bali funga mtungi, fungua milango na madirisha, na mtoke nje. Uvujaji hutafutwa kwa povu la sabuni kwenye kifungio na mpira, na kamwe hautafutwi kwa moto. Mafuta yakishika moto kwenye kikaango, zima jiko na ufunike kikaango kwa kifuniko, wala usimwage maji, kwa sababu maji huyarusha mafuta yakiwa yanawaka. Mpini wa sufuria au kikaango uelekee ndani, na leso au khanga isining'inie. Aliyeungua atiririshiwe maji baridi mahali palipoungua kwa dakika 20, bila kupakwa dawa ya meno, unga, siagi wala barafu, na jeraha kubwa lipelekwe hospitali.

Kisu kinahitaji neno la ziada. Nyumba nyingi hapa kwetu hazina kibao cha kukatia, na mama hukata kitunguu mkononi juu ya sufuria kwa ustadi wa miaka mingi. Mtoto wa miaka tisa au kumi asimuige. Atafutiwe kipande cha ubao kilichosuguliwa na kuoshwa, kitambaa chenye maji kiwekwe chini yake kisiteleze, na ncha za vidole vya mkono unaoshika kitunguu zikunjwe ndani ili kisu kiguse vifundo vya vidole na si kucha. Kitunguu kikatwe kwanza pande mbili ili kilale juu ya upande bapa. Nyama mbichi au samaki wakikatwa juu ya ubao huo, usitumike kwa kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni na maji ya moto.

Uji, mboga, maharagwe, ndipo wali

Anza na uji, kwa kuwa kila nyumba ina unga na kosa lake halina hasara. Funzo lake ni madonge. Unga mkavu ukitiwa moja kwa moja katika maji yanayochemka, sehemu ya nje ya kila bonge huiva papo hapo na kuwa kama gamba, na unga wa ndani unabaki mkavu ukiwa umefungiwa. Ndiyo maana unga hukorogwa kwanza kwa maji baridi hadi uwe laini, kisha humiminwa taratibu katika maji ya moto huku mwiko ukizunguka. Mwambie mwanafunzi ajaribu kijiko kimoja kwa njia mbaya katika kikombe cha maji ya moto, alipasue donge aone unga mkavu ndani. Hatausahau uji wake maisha yote. Nyumba inayopeleka mahindi yake kusagwa iongeze kazi ya kuchagua punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi au kusinyaa. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliwafanya watu 317 kuugua mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, na 125 kati yao walikufa, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa.

Mboga za majani zifuate. Iwe ni mchicha, mnavu, sukuma wiki au majani ya kunde, ioshwe kabla ya kukatwa na si baada yake, kwa sababu vitamini C na zile za kundi B huyeyuka katika maji na hutokea zaidi palipokatwa. Ipikwe muda mfupi kwa maji machache.

Maharagwe mekundu yana sumu ya asili ambayo moto wa polepole hauiondoi, na maharagwe yaliyoiva nusu humtapisha mtu. Yalowekwe usiku kucha, maji yake yamwagwe, yatiwe maji mapya na yachemke kwa nguvu kwa dakika zisizopungua 10, ndipo moto upunguzwe hadi yaive. Alama ya kuiva ni kwamba punje inabonyea kati ya vidole viwili bila kiini kigumu.

Wali wa nazi nauweka mwisho, kwa kuwa unakusanya karibu stadi zote na kwa kuwa ndipo nilipojifunza namna maneno yangu yanavyofika nyumbani. Mara ya kwanza niliandika, “Chukua vikombe viwili vya mchele na vikombe vitatu na nusu vya tui.” Mwanafunzi mmoja alipima mchele kwa kikombe kidogo cha kahawa na tui kwa kikombe kikubwa cha bati, akapata kitu kati ya wali na uji, na akaniandikia kwa huzuni kwamba amefuata kila neno. Alikuwa amefuata kweli. Tangu hapo naandika: “Chagua chombo kimoja, kiwe chochote, kikombe, kopo au bakuli. Pima mchele kwa chombo hicho, na tui kwa chombo hicho hicho.” Uwiano ndio unaopika wali, na kikombe ni shahidi tu wa uwiano huo.

Nyanya wa nyumbani naye atasema maji hupimwa kwa kidole, yafike pingili moja juu ya mchele. Kipimo hicho ni sahihi kwa kidole chake na kwa sufuria yake, lakini pingili ya mtoto wa miaka kumi ni fupi, na wali wake utabaki na kiini. Mwache mtoto apime kwa chombo, kisha kabla ya kuteleka, nyanya atie kidole chake na mtoto atie chake, na alama zote mbili ziandikwe daftarini. Hapo mtoto anakuwa amepata kipimo cha kidole chake mwenyewe.

Nazi hukunwa kwa mbuzi, na mtoto mdogo aikune chini ya jicho la mtu mzima, kwani meno ya mbuzi ni makali na kiganja huteleza nazi inapokaribia kifuu. Atie maji ya uvuguvugu kidogo, akamue, achuje kwa kifumbu au kichujio, na kasimile hiyo, yaani tui zito la kwanza, aiweke kando. Aongeze maji kwenye chicha, yaani nazi iliyokwisha kukamuliwa, akamue tena, apate tui jepesi. Kwa vipimo viwili vya mchele atatumia jumla ya vipimo vitatu na nusu vya tui, kimoja kikiwa kasimile. Mchele mpya unataka pungufu ya hapo, na wa zamani hunywa zaidi. Mchele uchaguliwe katika ungo, uoshwe hadi maji yasiwe meupe kama maziwa. Tui jepesi litelekwe na chumvi, likichemka mchele utiwe, ukorogwe mara moja, na sufuria iachwe wazi nusu.

Sasa ndio wakati wa masikio. Mwanzoni sufuria itatokota kwa sauti nzito yenye mapovu makubwa. Tui linapokauka, vishimo vidogo vitaonekana juu ya mchele na sauti itakuwa nyembamba, kama mchakacho. Hapo ndipo kasimile inamiminwa, mchele unageuzwa kwa mwiko kutoka chini mara moja tu, taratibu, na moto unapunguzwa. Kasimile haitiwi tangu mwanzo, kwa kuwa ikichemka kwa ukali hukatika na mafuta yake kujitenga. Anayetumia makaa apunguze ya chini na mtu mzima apalie machache juu ya kifuniko. Mwenye gesi aweke moto wa chini kabisa na kufunika kwa kifuniko kinachobana. Usifunuliwe kwa robo saa. Harufu ikianza kuwa kama ya nazi iliyokaangwa, ukoko umeanza kujifunga chini na ni wakati wa kuepua. Ikiwa ya moshi, umechelewa. Punje moja ikandamizwe kati ya vidole, na isiwe na nukta nyeupe ngumu katikati.

Katika somo hili hili mwanafunzi afundishwe kiporo. Mchele una mbegu za bakteria ambazo haziuawi na maji yanayochemka, na wali ukiachwa kwenye joto la chumba mbegu hizo huamka na kutoa sumu isiyoondoka hata ukipashwa. Wali usikae nje zaidi ya saa mbili. Unaobaki utandazwe katika sinia upoe upesi na uingie kwenye friji, na nyumba isiyo na friji ipike kadiri inayokula.

Neno kuhusu wavulana: wapewe somo hili lote, na ukiona katika nyumba fulani dada ndiye anayepika na kaka ndiye anayepiga picha, mpigie mzazi simu kwa upole umweleze kwamba alama ni za aliyeshika mwiko.

Kupima usichoweza kuonja

Picha ya sahani iliyopambwa haimwambii mwalimu kitu, kwa sababu haionyeshi nani amepika. Mimi huomba vitu vitatu. Cha kwanza ni picha ya viungo vikiwa vibichi, vimeoshwa na kupangwa kwa mfuatano wa matumizi. Cha pili ni picha ya katikati ya kazi, ikionyesha mikono ya mwanafunzi peke yake. Cha tatu, ambacho ndicho ninachokipa alama nyingi, ni sauti yake ya dakika moja akijibu: ulijuaje kwamba imeiva, kitu gani hakikwenda ulivyotarajia, na ukipika tena utabadilisha nini? Aliyepikiwa na mama atasema chakula kilikuwa kitamu. Aliyepika mwenyewe atasema sufuria ilikuwa nyembamba ikashika upande mmoja, au kwamba alidhani harufu ile ni ya kitunguu kumbe ni ya kitambaa alichoshikia.

Picha hizo zitumwe kwa mwalimu peke yake, zisitumwe kwenye kundi la darasa. Jambo hili nalisisitiza kwa moyo wangu wote. Jiko la nyumba ni siri ya nyumba. Linaonyesha ukuta, sakafu, kiasi cha unga kilichobaki na idadi ya sahani. Nimeona mtoto hodari akinyamaza wiki mbili baada ya wenziwe kutazama picha ya jiko la kwao la mafiga matatu, ilhali sima aliyoisonga humo ilikuwa bora kuliko za waliokuwa na majiko ya gesi. Mwelekeze mwanafunzi apige picha kutoka juu, akilenga ndani ya chombo, bila sura ya mtu wala sehemu ya chumba, na ukipenda kulionyesha darasa kazi nzuri, omba ruhusa kwa mzazi kwanza.

Pamoja na hayo, mtu mzima aandike mstari mmoja daftarini: mtoto alifanya nini mwenyewe, na alisaidiwa wapi. Msaada usimpunguzie alama. Mzazi akijua kwamba msaada unaadhibiwa, ataacha kuuandika, nawe utakuwa umepoteza habari ya pekee inayokuonyesha mkono wa mtoto umefika wapi.

Kila pishi lirudiwe mara tatu kabla ya kuingia jipya. Mara ya kwanza kwa daftari, ya pili kwa kutazama daftari pale tu anaposahau, na ya tatu likiwa limefungwa. Katika marudio ya tatu ndipo atakapoanza kubadilisha mwenyewe, ataongeza iliki kwenye uji au atapunguza tui kwa sababu mchele ni mpya, naye aandike sababu.

Shule zikifunguliwa, kusanya madaftari yote katika wiki ya kwanza, uyasome kabla ya kupanga kazi za muhula, kisha mwite kila mwanafunzi kwa zamu jikoni akupikie uji wa kikombe kimoja mbele yako. Dakika 15 zinatosha. Tazama anavyoushika mwiko, wapi anauweka mpini, kama anaukoroga unga kwa maji baridi kabla ya moto, na kama anausikiliza. Waliosafiri wakati wa kufungwa na kukosa masomo utawatambua hapo hapo, na uwapangie mwenzi mmoja mmoja aliyemaliza daftari lake, waanze na uji siku ya pili yake.